Alama ya kutoa kwenye kisanduku cha presha: ombwe katika programu za mkazo wa mabomba

Tuanze na bomba la bamba lililochomelewa, kipenyo cha nje mm 1,200, ukuta mm 6, limenyooka mita 40 bila pete ya kuimarisha hata moja, na ndani yake kuna ombwe (vacuum) kamili. Ingiza vipimo hivyo kwenye CAESAR II, AutoPIPE, ROHR2 au programu nyingine ya kuchambua mkazo wa mabomba, andika presha ya -0.1013 MPa, kisha kokotoa. Mkazo wa urefu unaoletwa na presha hiyo ni PD/4t (P ni presha, D kipenyo, t unene wa ukuta), kama MPa 5 hivi. Kikomo cha vyuma vya kaboni vya kawaida kwa joto la wastani ni karibu MPa 138, kwa hiyo presha imekula chini ya asilimia 4. Ripoti inatoka kijani tupu.

Bomba hilohilo, ukilipima kwa fomula ya kubonyea kwa mirija mirefu, linabonyea ombwe likiwa limefika MPa 0.055. Ni nusu tu ya safari. Likibonyea halipasuki kwa kishindo: linapoteza mviringo, pande mbili zinakaribiana kama mfuko wa maziwa uliofyonzwa, na halirudi.

Programu haikukosea. Ilijibu ilichoulizwa: mkazo unaotokana na uzito, joto na presha, pamoja na mizigo inayofika kwenye saporti na nozeli (midomo ya vyombo na mashine bomba linapounganishwa). Swali la kama ukuta utabaki mviringo ni swali la uthabiti wa umbo, na kwa mabomba ya viwandani yanayofuata kanuni za ASME B31.3 au B31.1, hesabu ya kawaida ya mkazo haiingii huko. Anayeona namba hasi imekubaliwa kwenye kisanduku, na ripoti haina hata mstari mmoja mwekundu, ni rahisi aamini kuwa ombwe limeshughulikiwa. Hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa.

Kwanza, namba yenyewe

Programu hizi husoma presha ya geji, yaani tofauti kati ya ndani ya bomba na hewa ya nje. Karatasi za mchakato mara nyingi huandika presha kamili, inayohesabiwa kuanzia sifuri ya kweli. Kondensa inayofanya kazi kwa bar 0.05 kamili ina presha ya geji ya -0.963 bar. Ukiandika 0.05 kwenye modeli, umeiambia programu kuwa bomba lina presha ndogo ya kusukuma nje. Hakuna onyo litakalotokea, maana 0.05 ni namba halali kabisa.

Ukiona herufi FV kwenye orodha ya laini, maana yake ombwe kamili: andika -1.013 bar, au -101.3 kPa, au -0.1013 MPa, au -14.7 psi, kutegemea faili lako la vipimo. Mchanganyiko wa MPa na bar ndio hatari zaidi, kwa sababu -1.013 iliyowekwa kwenye kisanduku cha MPa ni ombwe mara kumi ya lile linalowezekana duniani. Hakuna ombwe la geji linaloweza kuzidi hewa iliyopo nje. Ukiona -2 bar mahali popote kwenye bomba la ukuta mmoja, tafuta kosa kabla ya kuendelea.

Kwa wanaofanya kazi nyanda za juu kuna jambo la ziada. Olkaria, karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza wa jotoardhi ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo hewa ya kawaida ina kPa 79.5 hivi, sawa na mmHg 596. Geji inayosoma ombwe la mmHg 560 pale inamaanisha ndani ya kondensa kumebaki mmHg 36 tu. Geji hiyohiyo ikisoma 560 Mombasa au Dar es Salaam, ndani kumebaki mmHg 200. Ni usomaji mmoja wenye maana mbili zilizo mbali kabisa. Kwa usanifu, wengi huacha -101.3 kPa hata milimani, na sioni ubaya wake: unapata akiba ya moja ya tano bila kulipia kitu. Lakini unapolinganisha modeli na kipimo kilichochukuliwa mtamboni, tumia hewa ya mahali pale.

Kosa lingine la kuingiza data ni la kimyakimya. Katika CAESAR II, thamani za presha na joto hurithiwa na kipande kinachofuata mpaka uzibadilishe. Ukimodeli laini ya ombwe, ukavuka vali, ukaingia kwenye laini ya mvuke yenye bar 3.5, alama ya kutoa inavuka na wewe. Tengeneza mchoro wa rangi kwa presha, P1 (presha ya hali ya kwanza) peke yake, kisha P2 (ya hali ya pili) peke yake, uutazame kwa macho. Dakika mbili zinatosha.

Unene ambao programu haikuuliza

Sasa turudi kwenye ukuta. Kifungu cha 304.1.3 cha B31.3 hakina fomula yake kwa presha ya nje. Kinakupeleka kwenye vifungu UG-28 hadi UG-30 vya ASME Section VIII Division 1, kitabu cha matangi. Utaratibu wake ni huu: unatafuta uwiano Do/t (kipenyo cha nje kwa unene) na uwiano L/Do (urefu usio na pete kwa kipenyo cha nje), unasoma namba A kwenye chati ya umbo, unaipeleka kwenye chati ya chuma chako kwa joto lako kusoma namba B, halafu presha inayoruhusiwa ni 4B/(3·Do/t). Kama A iko kushoto mno hata haigusi mstari wa B, unatumia 2AE/(3·Do/t). Mabomba marefu membamba ya ombwe karibu yote huangukia hapo, kwenye eneo ambalo nguvu ya chuma haina usemi. Anayesema ni E, ugumu wa chuma, na unene. Ndiyo maana kubadili chuma cha kaboni kwa chuma chenye nguvu kubwa zaidi hakusaidii kitu hapa. E ni ileile.

Kwa bomba refu bila pete, hesabu hiyo inajifupisha kuwa presha inayoruhusiwa = 0.733·E/(Do/t)³. Weka E = MPa 200,000 na ombwe kamili, unapata mpaka wa Do/t = 113. Namba hii inafaa kukaa kichwani: zaidi ya 113, bomba refu la chuma lisilo na pete halipiti. Ndani yake tayari kuna kipimo cha usalama cha 3. Kubonyea kwenyewe kwa bomba lililo duara kamili kungetokea karibu na Do/t ya 163. Hiyo tatu haipo kwa urembo. Mabomba hayako duara kamili, na kasoro ndogo ya mviringo inashusha uwezo haraka.

Tuweke mfano karibu. Bomba la DN 600 (kipenyo cha jina mm 600), la chuma cha kaboni A106 Grade B, lisilo na mshono, kipenyo cha nje mm 609.6, ukuta wa kawaida mm 9.53. Do/t ni 64, na mtu yeyote angesema liko mbali na hatari. Lakini unene wa kupimia siyo 9.53. Kiwanda kinaruhusiwa kupunguza asilimia 12.5, unabaki na 8.34. Akiba ya kutu ni mm 3, unabaki na 5.34. Do/t imekuwa 114.2, na presha inayoruhusiwa ni MPa 0.0985. Ombwe kamili ni 0.1013. Limekosa kwa asilimia 3, na hii ni kwa E ya baridi. Kwa nyuzi 120 E inashuka kidogo, basi pengo linapanuka.

Wakati huohuo, ndani ya programu ya mkazo, bomba hilohilo linahesabiwa kwa unene mwingine. Kwa mkazo wa uzito na presha, B31.3 hutumia unene wa jina ukiondoa akiba ya kutu, bila kupunguza uvumilivu wa kiwanda: 9.53 kutoa 3, yaani 6.53. PD/4t inakuwa MPa 2.4, chini ya asilimia 2 ya kikomo. Kwa hiyo una namba mbili kwa bomba moja, asilimia 2 upande mmoja na kufeli upande wa pili, na zote ni sahihi. Mhandisi anayekagua akiuliza "mbona mkazo ni mdogo hivi na unataka pete?", jibu ndilo hilo.

Suluhisho si lazima liwe bomba nene zaidi. Ukibadilisha kwenda bomba la bamba ambalo uvumilivu wake ni mm 0.3 tu, unene unaobaki ni 6.23, Do/t ni 97.8, na presha inayoruhusiwa inaruka hadi MPa 0.157. Ukipata mtaalamu wa kutu akakubali akiba ya mm 1.5 badala ya 3 kwa lile lisilo na mshono, unafika MPa 0.207. Kwa kuwa unene uko kwenye kipeo cha tatu, kila nusu milimita ina sauti kubwa. Ni vizuri kugombania akiba ya kutu kabla ya kugombania daraja la unene wa bomba (schedule).

Au weka pete. Bomba la mfano wetu, lenye mm 5.34, linaanza kunufaika na pete pale umbali kati yake unaposhuka chini ya mita 7.5 hivi. Ukiziweka kila mita 3.6, uwezo unafika karibu MPa 0.21, mara mbili ya hitaji. Pete yenyewe, kwa UG-29, inahitaji momenti ya inesia ya mm⁴ 44,000 hivi. Bapa la mm 50 × 6 lililochomelewa kwa kusimama lina 62,500, linatosha. La mm 40 × 6 lina 32,000, halitoshi. Flanji yenye ugumu wa kutosha huhesabiwa kama pete. Elbo (kona ya bomba) haihesabiwi: urefu L unapita ndani ya elbo na kuendelea upande wa pili, jambo ambalo wengi hulisahau wanapopima L kati ya kona na kona.

Pete zina madhara yake kwenye modeli, ingawa uzito wake ni kidogo. Zikikaa karibu na mwanzo wa elbo zinaizuia isibadilike kuwa yai, na elbo hupata ulegevu wake hasa kwa kubadilika hivyo. Kanuni huchukulia elbo yenye flanji upande mmoja au pande zote mbili kuwa ngumu zaidi, na pete iliyo karibu vya kutosha inafanya kazi ileile. Kwa elbo ya 1.5D ya bomba letu (nusu kipenyo cha kona ni mara 1.5 ya kipenyo cha bomba), h, kigezo cha umbo la elbo kwenye kanuni, ni karibu 0.097, hivyo ulegevu unashuka hadi 0.68 ya awali kwa ncha moja, au 0.46 kwa ncha mbili. Ukiweka pete mbili pale na usiiambie programu, mizigo ya nozeli uliyoitoa kwenye ripoti ni midogo kuliko ya kweli. Na kabla ya kuchora, angalia kama pete haikutani na kiatu cha saporti. Ugomvi huo fundi anaumaliza uwandani kwa gesi, anakata kipande cha pete, na hesabu yako yote inakwenda na kipande hicho.

Hali za mizigo

Ombwe mara chache huishi peke yake. Laini ya mvuke wa juu ya mnara wa ombwe inaweza kuwa na presha ya usanifu ya +3.5 bar kwa nyuzi 180, ikafanya kazi kwa ombwe kwa nyuzi 80, na ikasafishwa kwa mvuke wakati wa matengenezo. Usafishaji huo ndio unaobonyeza vyombo na mabomba ambayo hakuna aliyeyasanifu kwa ombwe. Mvuke unajaza, vali zinafungwa, matundu ya hewa yamesahaulika, chombo kinapoa. Mvuke uliofungiwa ukipoa hadi nyuzi 40, presha yake kamili inabaki kPa 7.4 tu. Laini ambayo orodha inasema ni ya presha chanya imekuwa laini ya ombwe kwa mchana mmoja. Ndivyo ilivyo pia kwa bomba la kumwagia maji kutoka juu wakati tundu la hewa limefungwa, au bomba la pampu pale safu ya maji inapokatika. Waulize watu wa mchakato swali moja la wazi: kuna namna yoyote laini hii inaweza kufungwa ikiwa na mvuke ndani?

Angalia kuwa ombwe la namna hiyo linakuja bomba likiwa linapoa, kwa hiyo kuliunganisha na joto la juu la kusafishia ni kujitisha bila sababu. Weka T1 na P1 kwa hali ya usanifu, T2 na P2 kwa kazi ya kawaida ya ombwe, T3 na P3 kwa kusafisha na kupoa, kila joto na presha yake inayoendana nayo. Kisha tengeneza hali za kazi tatu, hali za kudumu kwa W+P1, W+P2 na W (uzito) peke yake, na hali za tofauti kati ya kila jozi ya hali za kazi. Kwa laini yenye belo (kiungo cha mikunjo kinachorefuka na kufupika), tofauti kati ya hali ya presha chanya na ya ombwe huenda ikawa ndiyo kubwa kuliko zote, kwa sababu belo linahama kutoka kuvutwa hadi kubanwa.

Kwa nini W peke yake? Kwa sababu ya alama. B31.3 ya miaka ya karibuni huchukua mkazo wa urefu bila kujali alama yake, kisha huujumlisha na wa kupinda. Lakini si kila kanuni na kila toleo la programu linalofanya hivyo. Mahali ambapo PD/4t hujumlishwa na alama yake, ombwe hupunguza mkazo wa kudumu, na hali ya ombwe inaonekana bora kuliko bomba tupu. Hali yenye W peke yake inakuonyesha ukweli wa uzito bila msaada huo wa bandia. Vivyo hivyo kwenye ukaguzi wa flanji kwa njia ya presha sawa, ile ya 16M/(πG³) + 4F/(πG²) + P (M ni momenti, F nguvu ya urefu, G kipenyo cha gasketi): ukiacha P iwe hasi, ombwe linakupunguzia matokeo kana kwamba ni rafiki wa gasketi. Weka sifuri.

Bomba lenyewe hufupika kidogo kwa ombwe, lakini kwa bomba letu la DN 600 la mita 30 ni milimita 0.1. Joto kutoka nyuzi 20 hadi 120 linalirefusha mm 36. Mjadala wa kuwasha au kuzima athari ya Bourdon (bomba kubadilika urefu kwa sababu ya presha) kwenye laini ya ombwe haustahili muda wako.

Belo: mahali ombwe linapovuta kweli

Kwenye bomba lisilo na belo, nguvu ya presha inamalizwa na ukuta wenyewe. Ukikata ukuta huo ukaweka belo laini, nguvu inakosa wa kuishika. Inakuwa presha mara eneo fanisi la belo, linalopimwa kwa kipenyo cha wastani wa mikunjo na si kipenyo cha bomba. Belo la DN 600 lenye kipenyo cha wastani mm 640 lina eneo la m² 0.322. Kwa +3.5 bar linasukuma nje kwa kN 113. Kwa ombwe kamili linavuta ndani kwa kN 32.6, karibu tani tatu na robo. Ukipanda hadi mdomo wa kutolea wa turbini wenye kipenyo fanisi cha mita 3, ombwe linavuta kN 716, zaidi ya tani 70, moja kwa moja kwenye nozeli.

Katika CAESAR II nguvu hii huhesabiwa pale tu unapojaza kipenyo fanisi cha ndani kwenye data ya belo. Ukikiacha kitupu, belo linakuwa springi tu: linapokea joto na misogeo, presha hailigusi. Modeli inakokotoa vizuri, nozeli zinapita, na tani tatu hazipo popote kwenye ripoti. Katika makosa yote ya ombwe, hili ndilo ningelitafuta kwanza kwenye modeli ya mtu mwingine.

Halafu kuna rodi za kufungia. Belo lenye rodi zilizofungwa nati upande wa nje wa masikio (mabamba yanayoshika rodi) peke yake linazuiwa lisifunguke. Presha chanya ikija, rodi zinakaza na nozeli inapumzika. Ombwe likija, rodi zinalegea, nati zinaachana na masikio, na belo linabanwa mpaka mikunjo igusane au nozeli ishike mzigo. Kwa laini inayoona presha na ombwe, nati ziwe pande zote mbili za kila sikio, na rodi zikaguliwe kwa mgandamizo pia, kN 32.6 kwa rodi nne ni kN 8.15 kila moja, ambayo rodi nene na fupi hubeba bila shida, lakini rodi ndefu na nyembamba inaweza kupinda.

Modeli lazima ifanane na nati zilizopo. Ukizimodeli rodi kama vipande vya kawaida vilivyounganishwa pande zote, programu itazipa mgandamizo na kukuambia nozeli iko salama, hata kama mchoro unaonyesha nati za nje tu. Ukizimodeli kwa vizuizi vya upande mmoja kati ya nodi mbili, utaona zinaachia kwenye hali ya ombwe, na nguvu inakwenda inakokwenda kweli. Soma mchoro wa mtengenezaji wa belo, hesabu nati, ndipo uchague aina ya kizuizi. Belo za bawaba zina pini zinazoshika pande zote mbili, hivyo hazina tatizo hili. Belo za mpira zina lake: bila pete au waya wa ndani wa kuzuia ombwe, mpira unaingia ndani ya njia, na hilo hakuna programu ya mkazo itakayokuonyesha.

Kwa turbini zenye mdomo wa kutolea unaotazama chini na belo lisilofungwa, kiwango cha turbini za mvuke, NEMA SM 23, kina fungu lake linaloruhusu mzigo wa ombwe juu ya mizigo ya kawaida ya mabomba. Usiichukue nguvu hiyo ukaipima kwa kikomo cha kawaida, utafeli bure. Usiifute pia kwa kuzima eneo fanisi ili ripoti ipite. Itenganishe, uionyeshe wazi, uipime kwa fungu lake.

Elbo pana na nyembamba

Presha chanya huikaza elbo, na programu nyingi zina chaguo la kuhesabu ukazo huo. Fomula ya kanuni ina kigezo cha P/E, hivyo P ikiwa hasi elbo inalegea na kigezo cha ukali wa mkazo kinapanda. Kwa elbo ya DN 600 yenye mm 9.53 mabadiliko ni kama asilimia 1.4 kwa ulegevu na 2 kwa mkazo. Puuza.

Kwa bomba la kutolea lenye kipenyo cha mita 3 na ukuta wa mm 12, fomula ileile inaruka: kigawanyo cha ulegevu kinashuka hadi 0.66, cha mkazo hadi 0.41. Yaani mkazo unazidishwa karibu mara mbili na nusu. Kabla hujaamini au kukataa namba hiyo, angalia Do/t: ni 250, na vigezo vya elbo vilivyokuwa kwenye kiambatisho D cha matoleo ya zamani ya B31.3 (sasa viko B31J) vinahesabiwa kuwa vya kuaminika hadi 100. Uko nje ya uwanja wa fomula. Elbo za namna hiyo mara nyingi hutengenezwa kwa vipande vya bamba, zikiwa na pete na vifito vya ndani, na mahali pake ni modeli ya elementi za ganda inayokagua kubonyea na mkazo pamoja. Katika programu ya mabomba, tumia matokeo yake kama ugumu wa kuingiza kwa mkono, na uzime chaguo la ukazo wa presha kwa vipande hivyo.

Jaribio la maji

B31.3 inataka bomba la presha ya nje lijaribiwe kwa presha ya ndani ya mara 1.5 ya tofauti ya presha ya nje, isipungue kPa 105. Kwa ombwe kamili ni kPa 152. Jaribio hilo linathibitisha michomeleo na uvujaji. Kuhusu kubonyea halisemi lolote, maana linalisukuma bomba nje na kulifanya duara zaidi. Mzigo wake mkubwa ni maji: DN 600 inabeba kilo 274 za maji kila mita, kwenye laini ambayo saporti zake zilipangwa kwa mvuke. Weka hali ya maji kwenye modeli mapema, kabla nafasi za saporti hazijagandishwa, kwa sababu laini za ombwe zenye springi na belo ndizo zinazohitaji vizuizi vya muda vya kuondolewa baada ya jaribio. Rodi za belo pia: kwa kPa 152, belo letu linasukuma kN 49, na safari hii ni nati za nje zinazofanya kazi.

Modeli ndogo ya kujihakikishia

Matoleo ya programu hutofautiana katika kutafsiri presha hasi, hivyo jenga modeli ya dakika kumi kabla ya kuamini kubwa. Nanga, mita 5 za DN 600, belo lenye eneo la m² 0.322 na ugumu mdogo wa urefu, mita 5 nyingine, nanga. Joto sawa na la kujengea, uzito umezimwa, Bourdon imezimwa. Hali ya kwanza P = +0.1013 MPa, ya pili P = -0.1013 MPa.

Mizigo kwenye nanga itoke kN 32.6 hivi, ikisukuma nje katika hali ya kwanza na kuvuta ndani katika ya pili. Ukipata sifuri, eneo fanisi halijaingia. Ukipata alama ileile katika hali zote mbili, programu imechukua thamani bila alama, na itabidi uweke nguvu ya belo kwa mkono kwenye nodi zake mbili, zikielekeana. Ukipata kN 326, umechanganya bar na MPa.

Ongeza elbo moja kwenye modeli hiyo, washa chaguo la ukazo wa presha, usome ulegevu na kigezo cha mkazo kwa hali zote mbili. Zikilingana kabisa, programu inapuuza presha hasi kwenye elbo. Kwa DN 600 hilo halina neno. Kwa bomba la mita 3 tayari unajua hutaitegemea. Mwisho ondoa belo, funga ncha moja tu, usome mkazo wa hali ya kudumu ukiwa umewasha uzito: mara moja kwa P = 0, mara moja kwa ombwe. Ukishuka kwenye ombwe, toleo lako linatumia alama, na hali ya W peke yake inabaki kwenye orodha yako ya kudumu.

Hesabu ya UG-28 ifanye kwenye jedwali la Excel kando, unene ukiwa umetolewa uvumilivu na kutu, na namba ya laini iandikwe juu ya kila ukurasa. Iambatishe na ripoti ya mkazo, ili anayeikagua asione asilimia 2 peke yake.